Mkagua Nyama

Kiamaiko, saa kumi alfajiri. Mbuzi wa Moyale
wananing'inia kwa miguu, na mimi na kisu changu:
bonyeza ini kwa gumba, papasa, pasua.
Likitokeza jicho jeupe lililojaa maji
nasema, "Tupa," na mwenye mbuzi ananuna.
Miaka kumi na tisa. Sikuwahi kubahatisha.

Leo nimelala chali Mbagathi, chumba kisicho na dirisha.
Bi Kwamboka amenipaka mafuta baridi chini ya mbavu
kama mtu anayetayarisha nyama ya kuchoma.
"Vuta pumzi, Mzee Guyo. Zuia."
Nazuia.

Walianza na damu. Chupa mbili,
wiki nzima ya kungoja, karatasi ikarudi: hakuna kitu.
"Damu wakati mwingine hudanganya," akasema.
"Kifuko kikizibwa vizuri, mwili haujui
kama una mgeni."
Mgeni njoo mwenyeji apone!
Huyu wangu hakubisha hodi.

Sasa kioo. Duara jeusi,
na ndani yake viduara vingine vimebanana
kama mbegu za pasheni.
Namjua. Nimemwona mara elfu,
ila daima kwenye ndoano, si hapa.

"Mbona usitoboe tu uone?"
"Si kama kwako, mzee. Kikipasuka ovyo
maji yake hupanda watoto tumbo zima."
Anaweka msalaba huku, msalaba kule, anasoma katikati:
sentimita tisa.
Kinyozi hajinyoi.

Kisha maswali, kwa upole wa karani.
Unafuga mbwa? Sifugi.
Lakini machinjioni yupo Tajiri,
mweupe, sikio moja,
hunilamba vidole nikishika kikombe cha chai.
Na yale maini
("Tupa," nasema, miaka kumi na tisa)
sikuwahi kufuata ndoo nione inamwagwa wapi.
Mfuniko wa shimo ulivunjika mwaka gani vile?
Tajiri ananenepa tu.

Hapo ndipo yaliponikata maini,
si kwa kisu, wala kwa kioo.

Anapangusa tumbo langu kwa karatasi.
Namwuliza: nipigwe muhuri wa zambarau
au nitupwe?
Anacheka kidogo, macho yake hayacheki.
"Daktari atakuona Jumanne."

Nje kuna bomba la maji.
Nikanawa mikono.
Nilipofika getini
nikarudi, nikanawa tena.