Mto wa Jiwe

Mumbere aliinunua kanda ile Birere
kwa bei ya kilo mbili za maharagwe,
kwa mtu aliyeuza pia betri zilizoanikwa juani zikafufuka.
Juu ya kasha, wazungu wanne wenye nywele ndefu,
wamenuna kama watu walioamshwa kabla ndoto haijaisha.
Wimbo wa upande wa pili ulikuwa mrefu kuliko mahubiri:
gitaa peke yake mwanzoni, kama mtu anayepapasa ufunguo gizani,
kisha ngoma, kisha makelele, kisha gitaa tena
likipanda, likipanda,
na hapo kanda inakwama.
Kila mara hapo.
Tunairudisha kwa kalamu ya biki.

Kiingereza hatukukijua. Mumbere alitafsiri bila haya:
"Huyu anasema ameona ngazi. Anauliza nani ameiegemeza."
Nikaamini, kwa kuwa yeye ni wa kwanza
na mimi ni Kambale, wa pili,
na wa pili hula kilichobaki sufuriani, hata maana.

Jumapili katekista Vyakuno alitusimulia habari za mkimbizi
aliyemdanganya baba kipofu kwa ngozi ya mbuzi,
akabeba baraka ya kaka yake, akatoroka nayo.
Usiku ukamkuta njiani, akalaza kichwa juu ya jiwe,
akaota ngazi.
Mumbere akanipiga kiwiko: "Umesikia? Ni wimbo wetu."
Nikacheka. Sikujua bado
nani kati yetu angelalia jiwe.

Kwa Kiswahili, mto ni maji yaendayo,
mto pia ni pale unapoweka shavu.
Sisi wa Goma tumepewa yote mawili kwa mkupuo:
mto wa jiwe ulishuka kutoka Nyiragongo mwezi wa kwanza,
ukakata mji katikati bila kuuliza mwenye nyumba,
ukapoa. Tukajenga juu yake.
Tunalala juu ya mto.

Kiwanja cha mama kilizikwa kimo cha watu wawili.
Karatasi ilikuwa ya Mumbere.
Mumbere alikuwa Walikale, anachimba, hana simu.
Nilikwenda ofisini nimevaa koti lake.
Karani alikuwa amevunja miwani.
"Wewe ndiye mkubwa?"
Nikasema, "Ndiye mimi."

Miaka kumi na minne.
Nina duka la misumari, nina mlango wa chuma,
na usingizi wa mang'amung'amu.

Jana usiku nikaota, hatimaye, na mimi.
Ngazi ilikuwa ya mbao za mkaratusi, zile za chukudu,
na misumari niliitambua: ya duka langu, ya mkopo.
Waliopanda hawakuwa na mabawa.
Walikuwa na magodoro, na masufuria, na kuku aliyefungwa miguu,
Majengo nzima, vile tulivyokimbia mlima.
Walipanda kwanza, ndipo wakashuka.
Katekista hakutufafanulia hilo:
anayeanza kwa kupanda
alikuwa tayari huku chini, pamoja nasi.
Mumbere alikuwa katikati, redio mgongoni.
Hakunitazama. Alikuwa akizungusha kalamu.

Saa kumi alfajiri simu ikalia. Namba nisiyoijua.
Hakuna salamu.
Gitaa peke yake, linapapasa ufunguo.
Kisha ngoma. Kisha makelele.
Nikakaa sakafuni, kisogo kwenye ukuta wa mawe meusi,
nikangoja pale panapokwama.

Halikukwama.
Likapita. Na ng'ambo ya pale, tusipowahi kufika,
palikuwa na mtu mmoja tu akiimba polepole,
na nyuma yake, karibu zaidi, mtu akipumua.
Yuniti zikaisha.

Leo sikufungua duka.
Nimelitoa koti chini ya sanduku, nimelipiga pasi ya makaa.
Mikono imekuwa mifupi.
Mfuko wa ndani ulikuwa na kitu kigumu.
Kalamu ya biki.