Jiko la Pili

Ni barabara ya tisa,
jua limeshatutesa,
Mejumaa, bila visa,
atwanga mwake kinuni.

Ni kisamvu cha mpira,
kichungu chenye hasira,
kibichi kina madhara,
sumu iko majanini.

Jani halikuumbiwa
kwa ajili ya kuliwa;
silaha limejaliwa
iwatishe wa porini.

Basi twanga, Mejumaa,
chemsha hata masaa,
sumu ipate kupaa,
itoroke mvukeni.

Hilo ndilo jiko moja,
la kuni na la kungoja;
la pili nalo lakuja,
halionwi, li mwilini.

Meno ndiyo mchi wake,
mate ndiyo maji yake,
moto wake, peke yake,
hauna moshi angani.

Wifi yake, Mwanatumu,
kafika kwa hiyo hamu;
wakamega kwa nidhamu
mle mle siniani:

muhogo, tui la nazi,
kisamvu kwenye mchuzi,
na maharage ya juzi
yaliyolala chunguni.

Baada ya saa mbili
Mwanatumu yu kamili,
Mejumaa hana hali,
ngurumo zimo tumboni.

Nesi Mhina wa Bombo
kapita, kaona jambo,
akatoa chake chombo
kipimacho ya damuni.

Akawachoma vidole,
tone huku, tone kule;
kwa tonge la jungu lile,
moja juu, moja chini.

Kumi na tatu! Kicheko
cha Tumu kikawa mwiko.
Na yule wa mchafuko?
Sita tu, yuko amani.

“Chungu kimoja, Mhina!
Tonge tumemegeana,
sasa mbona twapishana
kama magari njiani?”

“Mna wapangaji wengi,
wadogo, hawana rangi,
wanalipa kodi nyingi
humo humo utumboni.

“Wako, wakipewa mboga,
ngoma zote huzipiga;
wa wifi hawana soga,
kimya kama msibani.

“Wanga wa muhogo moto
hukimbia kama mto;
ukipoa ni mzito,
hujivuta mishipani.

“Na ini, karani wetu,
lapokea kila kitu,
lina mihuri mitatu:
‘Pita’, ‘Rudi’, ‘Kaa ndani’.”

Tumu akatoa kopo
la mlonge, wa mkopo:
“Uliponya mtu hapo
soko letu Mgandini!”

“Jani halisemi lake
hadi mwili uitike;
dawa ya yule ni yake,
wewe njoo kipimoni.

“Maharage, Meju mama,
loweka, upike vyema,
ngoma zako zitahama
zihamie harusini.”

Mimi, nikiosha chungu,
nikameza tonge langu,
nikasikia, mwenzangu,
hodi zikipigwa ndani.

Sijui nani mwenyeji,
mimi au mpangaji;
nikateremsha maji,
nikangoja, Ngamiani.