Maganda Yana Bei

Jana usiku nimeibiwa taka.
Nacheka ninaposema, lakini ni kweli:
magunia mawili ya maganda ya matoke,
makavu, yanayolia kama karatasi ukiyashika,
na kikapu cha magunzi juu yake.
Kufuli la jikoni halikuguswa. Sufuria zipo.
Kuku yupo, ananitazama
kama shahidi asiyetaka kesi.

Mwaka juzi ningemlipa mwizi huyo.
Nilikuwa nampa Isabirye wa toroli
shilingi mia tano auondoe uozo mlangoni,
kisha nampa mwenye duka elfu mbili
kwa kopo la mkaa lenye mawe chini.
Nalipa kitoke. Nalipa kiingie.
Miaka kumi na moja, nisijue ni kitu kimoja
kinachoizunguka nyumba na kunidai mara mbili.

Juu ya paa letu hapa Walukuba
nyaya za umeme hupita zikivuma,
nyuki wa chuma, asali yao yote ya Kampala
na ya mbele ya Kampala.
Mto unaowasukuma uko hapo chini, tunausikia.
Balbu yangu nimeifunga kitambaa isiingie vumbi.

Naigaga wa Masese ndiye aliyenionyesha.
Pipa bovu, matundu kwa msumari.
Washa chini, jaza, utazame moshi:
ukiwa mweupe, maji bado yanaaga;
ukiwa mwembamba, wa buluu, funika upesi,
gunia lililoloa, udongo pembezoni, usichungulie.
"Anayechungulia hupata jivu," alisema,
akifuta pua kwa mgongo wa mkono.
"Jivu ni haraka. Mkaa ni subira."

Nikatwanga. Nikapika uji wa muhogo, mzito,
wa kugandishia ule unga mweusi,
na Wandera wangu akasimama na kikombe.
"Uji huo wa nani, mama?"
"Wa jiko."
Hakusema neno. Akakirudisha kikombe kabatini.
Hilo nalikumbuka kuliko moto wenyewe.

Kundi la kwanza lilinyeshewa. Kijito cheusi
kikaingia kwa Ajambo, kikapaka mkeka wake,
na matusi niliyopata siyaandiki hapa.
Kundi la pili, udongo mwingi:
halikuwaka, liliwaza tu.
La tatu aliliokoa mzee Tenywa
aliyekuja na fimbo kudai maganda ya ng'ombe wake,
haki yake ya kila jioni, alisema,
tangu kiwanda cha nguo kikiwa bado kinapiga king'ora.
Tulibishana mpaka adhana.
Tukaafikiana: mabichi yake, makavu yangu,
na ndoo ya samadi kila Jumamosi iwe fidia.
Samadi ikashika kuliko muhogo.
Wandera akarudishiwa uji wake.

Nashindilia kwa kipande cha bomba
alichokuja nacho baba siku kiwanda kilipofungwa,
badala ya mshahara wa miezi mitatu.
Kilikaa uvunguni miaka, hatukujua cha nini.
Sasa kinazaa vijiti vyeusi, ukubwa wa ngumi,
na maharage yakishaiva
moto bado una mazungumzo yake,
tunaota miguu, hatuna haraka ya kulala.

Basi nimeibiwa. Na asubuhi hii
nyuma ya nyumba ya Ajambo kuna moshi,
mweupe, mnene, unaokohoa.
Nasikia kifuniko kikiinuliwa,
kikirudishwa, kikiinuliwa.
Anachungulia, mpumbavu yule. Atapata jivu,
magunia yangu mawili mazima ya jivu!

Nimechukua gunia kuukuu, nimelilowesha,
linanidondokea miguuni njia nzima.
Yale matusi yake ya mwaka jana nimeyatunza.
Nitamrudishia,
tukishafunika.