Upepo wa Kununua

Mji huu haujawahi kupungukiwa upepo.
Unang'oa mabati, unavusha kofia za watu barabara,
na siku ukichachamaa, manispaa hufunga kamba kando ya njia
ili wazee tushike, tusipeperuke kama risiti.
Nami, Nibaldo Oyarzún, mzaliwa wa hapa hapa Punta Arenas,
nimekopa benki nikanunua upepo mwingine,
wa ndani ya kisanduku, wa kuchomeka ukutani.

Edelmira ndiye aliyenishtaki.
"Anakufa," alimwambia daktari, na mimi nimeketi pale pale.
"Anakufa, anarudi, anakufa tena.
Mimi nahesabu. Nikiona amechelewa kurudi, nampiga kiwiko cha mbavu."
Nikacheka. Nilidhani mtu akikoroma ndipo usingizi umenoga.
Wakanilaza usiku mmoja na nyaya kichwani kama redio iliyofunguliwa kwa fundi,
asubuhi wakaniletea hesabu: mara arobaini na moja kila saa
koo lilijifunga,
na mimi mwenye nyumba sina habari.

Miaka thelathini na minne nilivaa barakoa ya kuchomelea
katika karakana ya meli: chuma, cheche, macho mekundu.
Nilipostaafu niliitundika kwenye msumari, nikaapa
uso huu haufunikwi tena ila kwa sanda.
Sasa Yanira wa kliniki, umri wa mjukuu wangu,
ananikaza mikanda kisogoni:
"Pumua kwa pua, don Nibaldo. Usishindane nayo."
Usishindane!
Na mimi nimejua kitu gani kingine maishani?

Usiku wa kwanza: saa moja na dakika kumi.
Usiku wa tatu niliivua usingizini; tuliikuta mvunguni
ikipuliza bado, mbwa kajikunja pembeni anaota joto lake.
Hewa ikivuja shavuni ilipiga mluzi wa birika.
Ulimi ukawa msasa. Tukaongeza maji,
yale yale ya betri niliyokuwa nikitilia lori,
nikawaza: haya, mzee, nawe umekuwa gari bovu.
Alama nyekundu ilibaki usoni hadi saa nne;
muuza mkate akauliza kama nimelalia uma.

Nikairudisha mkobani. Wiki nzima.
Edelmira hakusema neno.
Jumapili, nikitafuta tarehe ya kulipia gesi kwenye kalenda ya jikoni,
nikaona kando ya kila siku, kwa penseli: 22. 31. 19. 40.
Nilidhani ni bei za kitu.
Zilikuwa sekunde. Kimya changu kirefu kuliko vyote usiku huo,
alichokikesha, akakiandika, akaenda kukanda unga.
Nikafunua nyuma: Julai, Juni, Mei.
Sekunde zangu zote katika mwandiko wake.

Nikavaa.

Sisemi ilikuwa rahisi kama kumsukuma mlevi.
Niliivaa hata mchana mbele ya televisheni ili uso uizoee;
jirani yetu Iturra alichungulia dirishani, akajifanyia ishara ya msalaba.
Ila usiku mmoja wa Septemba nilifumba macho pakiwa giza,
nikayafumbua pamekucha,
na katikati hapakuwa na kitu.
Nililia kidogo. Iturra asiambiwe.

Asiyepata lepe la usingizi sasa ni Edelmira.
Kimya kinamtisha. Anasema analala na jokofu.
Saa tisa usiku huamka, huweka kiganja kifuani pangu, hungoja,
midomo ikicheza: moja, mbili.
Hafiki tatu.

Juzi upepo wa nje uliangusha nguzo ya umeme
na wa ndani ukafa papo hapo.
Sikujua. Nilichojua ni kiwiko,
kile cha zamani, mbavu ile ile,
na sauti yake gizani: "Rudi."
Nikarudi. Nikavua barakoa, nikakaa kitako,
naye akakaa.
Hatukuwasha mshumaa. Tulisikiliza ule wa bure
ukigombana na mabati hadi alfajiri.