Kazi

Kitabu cha fizikia, ukurasa wa themanini na mbili,
jalada limeshikwa kwa gundi ya fundi viatu:
kazi ni kani mara umbali, upande ule ule wa kani.
Mtungi wa lita ishirini, ngazi hadi ghorofa ya tano,
kimo mita kumi na tano:
jouli elfu tatu.
Nimepiga hesabu mara mbili. Sawa.

Lakini mfereji wetu hapa Huruma uko ng'ambo ya barabara,
na kabla ya ngazi mama hubeba mtungi kichwani,
tambarare, hatua mia tatu.
Hapo kitabu kinasema: kani juu, mwendo mbele,
kazi, sifuri.

Nikamsomea. Akautua mtungi,
akajikanda shingo,
akacheka mpaka Baba Nyamweya akagonga ukuta.
"Aliyeandika hayo mwite Jumamosi.
Aje na shingo yake."

Novemba, chumba cha mtihani, swali la saba:
hamali, gunia, sakafu tambarare.
Kalamu ilisita.
Shingo yangu ikaniuma, sijui kwa nini.
Nikaandika sifuri.

Ndilo jibu.
Mama sijamwambia.