Vyungu Viwili vya Gudveig

Mei, mjini Namsos: theluji ingali imeng'ang'ania
kivulini mwa ghala.
Gudveig anasukuma toroli kitaluni,
goti la kushoto likilalama
kila gurudumu linapokwama.

"Haidrenjia za buluu zimefika," asema Torleif muuzaji,
"zile alizozipenda marehemu."
Anaitazama moja. Nzuri, haina kosa.
Ila ya buluu huficha machipukizi yake
katika matawi ya mwaka jana,
na baridi ya huku haipotei njia.
Miaka kumi na tisa Asbjørn aliivisha magunia,
akaifunga kamba kama mtoto wa kupelekwa shule,
na bado, miaka mingine, majani matupu.

"Nipe isiyodeka."

Torleif anamletea nyeupe, vishada vya ncha,
fupi, shina gumu kama mpini.
Hii ikate Machi, usiihurumie;
huchanua kwenye tawi jipya.
Chungu kiwe kipana, kitobolewe chini,
cha plastiki nene; cha mfinyanzi hupasuliwa na barafu.
Maji asubuhi. Basi.

Basi?

Basi.

Nyumbani anajaza vyungu viwili,
kimoja kila upande wa ngazi,
anashindilia udongo kwa ngumi.
Septemba vishada vitaingia rangi ya waridi
bila kuombwa na mtu.

Magunia yamo bandani, yamekunjwa.
Anayakung'uta, anayanusa,
anayarudisha.