Simu Yasema Umefika

Nyuzi mbili, dakika kumi na sita, kusini.
Namba zilizobaki siziandiki hapa,
ziko kwa Shekuwe muuza vocha.
Atakupa ukimwonyesha ulichobeba:
mchele, dengu, unga,
hata chumvi. Chumvi nayo ni kitu.
Tambi zilizopitwa na tarehe, hapana.
Usimpe mtu usichokula.

Kisha fuata mshale.
Langoni mpishe punda wa saruji,
yeye ana haki ya njia kuliko wewe,
ukate kushoto penye harufu ya iliki.
Hapo simu itaanza kubabaika.
Kuta za Mkomani ni ndefu, mbingu ni utepe,
setilaiti zatuona kwa jicho moja.
Simu yasema, Umefika.
Ukuta wasema, Bado.

Kosa lake ni hatua tisa.
Na ndani ya hatua tisa, huku kwetu,
mna milango mitatu, kisima, paka kumi na mmoja,
na kikohozi cha mtu nyuma ya pazia.
Hatua tisa zatosha
mtu kulala na njaa na jirani asijue.

Niliyeficha ni mimi.
Fundi wa chokaa hulijua jiwe
linalocheza kama jino la mtoto.
Gofu halina dari, lakini zidaka zimesimama,
zilizopangwa sahani za kaure siku za harusi.
Humo nikaweka ndoo ya rangi, nimeiosha mara nne,
kifuniko cha kubana kwa ajili ya sisimizi,
na daftari, kalamu imefungwa uzi.

Sheria ni moja na nusu.
Ukiweka, andika tarehe. Ukichukua, andika tarehe.
Jina, la hasha.
Ile nusu: ukimkuta mtu pale,
nyote wawili mnacheza.

Mwanzo walikuja wanafunzi, wakishindana,
wakipiga kelele kwa kopo la maharage.
Kisha akaja Bi Mwanashee,
ambaye sahani ikipelekwa kwake hurudi
na kawa lake halijafunuliwa.
"Tumeshiba, alhamdulillahi,"
na jikoni siku mbili hakujafuka moshi.
Alikuja na simu ya mjukuu, ameishika juu chini,
akisema kwa sauti, kichochoro kizima kisikie:
"Natafuta hazina mie!
Mchezo gani huu, wanimaliza magoti!"
Hakuna aliyecheka.

Kesho yake nikafungua daftari.
Tarehe, na chini yake, kwa hati za Kiarabu,
neno moja: Nimepata.
Nililitazama sana.
Mchezaji akiona kopo husema nimepata.
Mwenye njaa akipewa husema nimepata.
Lugha ilimfunika buibui
kabla sijajua nisome lipi.

Mwezi wa tano mvua ikafunga kazi.
Chokaa haikauki, tajiri hapokei simu.
Mke wangu akauliza unga ni bei gani siku hizi,
kisha akaenda kuanua nguo, hakungoja jibu.

Nikaenda kwa Shekuwe, mikono mitupu.
"Nipe namba."
Akanitazama. Yeye ndiye aliyenishikia ngazi
siku ile ninaficha.
Hakuuliza nimebeba nini.
Akaandika nyuma ya vocha iliyokwaruzwa,
polepole, tarakimu moja moja,
kama amwandikiaye mgeni.

Nikaufuata mshale ndani ya mtaa niliozaliwa.
Nikasimama pasipo penyewe, nikakuna kichwa,
nikagonga mawe nisiyoyaficha kitu.
Mtoto mmoja, sijui wa nani, ameketi dakani
anakula ubuyu, mdomo mwekundu,
akaninong'oneza bila kunitazama:
"Juu kidogo, ami. Hapo."

Dengu, kilo na nusu. Mafuta, chupa ndogo.
Kalamu ilikataa.
Nikaipulizia pumzi, nikaisugua kiganjani,
nikaandika tarehe.